Cheche Uliyoikata Kwenye Video Ndiyo Ilikuwa Somo

Wadau, leo sina video. Nina maneno tu, na kabla mtu hajakimbia kusema nawachoma wenzangu kwa sababu ya wivu, ajue moto wenyewe nimeuanzia kwangu.

Likizo iliyopita kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniandikia. "Mkubwa, koili yangu inatoa cheche katikati, juu hakuna kitu. Kwako hazitoki katikati. Ama nilinunua waya mbaya?" Akatuma na picha. Manze, ile koili ilikuwa nzuri. Waya umelala mzunguko kwa mzunguko bila kupandana, kazi ya mtu mwenye subira, safi kushinda ile yangu ya kwanza. Lakini katikati alikuwa ameifunga tepu nyeusi, safu juu ya safu, kama mguu uliovunjika. Nikamuuliza hiyo tepu ni ya nini. Akasema kila alikouliza aliambiwa ajaze tepu mpaka cheche zikose pa kutokea.

Ujumbe wake wa pili ndio ulininyima usingizi. Alikuwa amechomoa plagi ukutani ili aongeze tepu, mkono ukapita karibu na kapasita, ikamrusha. Alikuwa ametumia transfoma na kapasita za maikrowevu iliyokufa, na hizo vitu hazina mchezo. Transfoma ya maikrowevu inatoa volti kama 2,000 na mkondo wa kutosha kusimamisha moyo, na kapasita yake inaweza kubaki imeshika chaji hata baada ya stima kuzimwa. Kidole kimoja kiliungua. Mkono ukamuuma siku mbili. Yuko hai, na hiyo ni bahati, si kingine.

Alichokuwa anaiga ni video yangu.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikize. Kwenye rekodi yangu nzima, kila nikizima koili, nachukua fimbo ndefu ya plastiki yenye waya uliounganishwa na ardhi, nagusa kapasita kwanza, ndio nisogee. Kila mara. Kwenye video mliyoiona, ile ya sekunde 58, hiyo fimbo haipo hata mara moja. Niliikata. Kwa nini? Kwa sababu ni sekunde ishirini za mtu akigusa kitu na fimbo na hakuna kinachotokea. Tena nilisema "transfoma yoyote ya volteji ya juu", kwa sababu sentensi fupi inasikika poa kuliko sentensi ya kweli.

"Kwako hazitoki katikati." Kijana, zilitoka. Zilitoka siku 11. Nazo pia nilizikata.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii na siipunguzi. Sisi tunaotengeneza video za koili za Tesla hapa Kenya tunawauzia watoto wa watu uongo mmoja kwa njia mbili. Tukiulizwa kuhusu cheche zinazoruka pasipotakiwa, tunasema paka vanishi, funga tepu. Na kwenye video zetu wenyewe tunazikata na makasi. Zote mbili zinaficha kitu kile kile, na hicho kitu ndicho sehemu ya pekee yenye elimu ndani yake. Ile cheche ndefu ya juu mnayoipenda haifundishi mtu chochote, inaonyesha tu kwamba mambo yamekaa sawa. Ile inayotoka mahali pabaya ndiyo inajua kitu ambacho wewe hujui.

Kwa wale wamekuja sababu ya kelele tu, wacha nieleze haraka. Koili ya Tesla ni bembea. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati wake, nguvu kidogo kidogo inampeleka juu sana. Ukimsukuma ovyo mtaumizana. Chini kuna koili fupi ya waya mnene pamoja na kapasita, hizo ndizo mkono unaosukuma. Katikati yake imesimama koili ndefu ya waya mwembamba, yangu ina mizunguko kama 1,000 kwenye paipu ya PVC ya milimita 110, na juu yake kuna taji la aluminiamu. Hiyo ndiyo bembea. Transfoma inajaza kapasita, pengo la cheche linafyatuka, mkono unasukuma. Pande mbili zikicheza mdundo mmoja, volteji inapanda mpaka juu na cheche inatoka kwenye taji. Huko kukubaliana kwa mdundo ndiko kunaitwa resonansi. Nilikaa chuo mwaka mmoja na nusu nikisoma uhandisi wa umeme, nikaiandika resonansi kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, na sikuwahi kuiona. (Ya chuo nitairudia, najua kuna watu wameshikilia hiyo silaha wakingoja.)

Volteji ikishapanda lazima itafute pa kutokea. Hewa kavu inahimili takriban volti 3,000 kwa kila milimita. Ikipata ncha kali, au ufa, au njia chafu, haingoji kufika kule juu. Kwa hivyo ukiona cheche mahali pabaya, kuuliza "nitaizibaje" ni kuuliza swali la fundi mvivu. Uliza kwa nini hapo ni rahisi kutokea kuliko kwenye taji. Majibu si mengi, na mengi yanaonekana kwa macho mtu akikubali kuangalia badala ya kufunika.

Taji langu la kwanza lilikuwa sufuria mbili za Kamukunji, zimefunikana mdomo kwa mdomo. Ilipendeza hata nikaanza kufikiria kichwa cha video. Usiku wa kwanza cheche hazikwenda juu. Zilitoka kwenye ukingo wa sufuria, zikainama, zikapiga koili fupi ya chini. Ukingo wa sufuria ni mwembamba, na volteji ile ile kwenye kitu chembamba inavunja hewa mapema kuliko kwenye kitu cha mviringo. Mimi nilifanya nini? Nikafunga tepu kwenye ukingo. Ikashika dakika mbili, ikatoboka, chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Mwishowe nikaachana na sufuria, nikanunua bomba laini la aluminiamu, lile la kutolea moshi jikoni, nikalikunja likawa kama tairi. Halina kona popote. Halafu juu yake nikasimamisha msumari mmoja, kusudi.

Huo msumari ndio watu hawauelewi. Unapigana na ncha siku nzima halafu unaweka ncha? Ndiyo, kwa sababu taji likiwa laini kabisa na cheche haina mlango, volteji itaendelea kupanda mpaka ijitafutie mlango wake, na mlango huo unaweza kuwa katikati ya koili yako. Afadhali umpe mgeni mlango kuliko avunje dirisha.

Baadaye nikagundua kosa la pili, na hili ni la aibu kwa mtu aliyepita mtihani. Hesabu yangu ya mdundo niliifanya koili ikiwa uchi. Ikiwa uchi inacheza karibu mara 360,000 kwa sekunde. Ukiweka taji kubwa juu, bembea inakuwa nzito, na yangu ilishuka hadi kama 220,000. Lakini waya wa kapasita nilikuwa nimeushikisha kwenye mzunguko wa nane wa koili ya chini, mahali pa mdundo wa koili isiyo na taji. Mkono unasukuma wakati bembea inarudi. Juu nikapata cheche fupi kama kidole, na chini koili fupi ikawa inarukiana mzunguko na jirani yake. Nilipousogeza ule waya hadi mzunguko wa kumi na mbili, cheche ya juu ikapita sentimita 30. Sikununua kitu. Nilisogeza klipu moja.

Basi nikadhani nimemaliza. Hapo ndipo katikati kukaanza.

Mimi nilikuwa naziita siafu. Nyuzi za buluu zinakimbia kwenye ngozi ya koili, zinapanda, zinashuka, hazitulii. Nikaweka kipande cha video nikiomba ushauri, na ushauri ukaja kama mafuriko: vanishi, vanishi, tepu, resini, vanishi. Nikapaka safu ya kwanza, nikangoja ikauke, nikawasha, siafu. Safu ya pili, siafu. Ya tatu nikangoja siku tatu nzima sababu ya mvua. Siafu. Hizo ndizo siku zangu 11, karibu zote zimeishia kwenye mkebe wa vanishi.

Aliyenitoa hapo ni fundi wa kuchomelea ambaye ndiye ananiruhusu kutumia uwanja wake usiku. Mzee hajui resonansi wala hajali. Alinitazama nikichanganya vanishi akasema, "Kijana, hata mimi nikichomea geti vibaya naweza kupaka rangi. Wewe hiyo kitu umeijenga aje, ama kazi ni kupaka tu?" Nikaudhika. Halafu nikachukua rula, nikapima kila kitu upya kama mtu ambaye hakuijenga.

Koili zangu mbili zilikuwa zimekumbatiana sana. Mguu wa koili ndefu ulikuwa umezama chini kidogo ya usawa wa koili fupi. Zikikaribiana hivyo, nishati inaingia kwa pupa, volteji haipandi ngazi kwa ngazi kutoka chini hadi juu, na mizunguko ya katikati inajikuta imebeba tofauti ambayo ngozi ya waya haiwezi. Nikakata vipande viwili vya mbao, nikainua koili ndefu sentimita tatu. Dakika nne. Siafu wakaisha, isipokuwa mahali pamoja.

Safu tatu za vanishi na zaidi ya wiki nzima, dhidi ya mbao mbili. Na nani kwenye ule umati wote alikuwa ameniuliza "koili ya chini iko umbali gani na ya juu"? Hakuna. Kwa sababu swali hilo linahitaji mtu ajue, lakini "paka vanishi" mtu yeyote anaweza kuandika akiwa kwenye matatu.

Nisieleweke vibaya. Vanishi ina kazi yake. Koili kavu, safi, iliyopimwa sawasawa, ukiipaka vanishi mwishoni unaikinga na unyevu na mikwaruzo, na ukiwa Mombasa pale na hewa yake hiyo ya maji, utaihitaji kuniliko. Ninachokataa ni vanishi kama jibu la swali ambalo halijaulizwa.

Na lile eneo moja lililobaki ndilo lilinifunga mdomo kabisa. Theluthi moja hivi kutoka chini, palepale kila usiku. Hapa kuna kitu cha kuandika kwenye daftari: cheche zinazohamahama mara nyingi ni mdundo au ukaribu wa koili, lakini cheche inayorudi mahali pale pale, hapo pana kidonda. Nikabana pengo la cheche ili nguvu ipungue, nikazima taa, nikaweka simu kwenye kigingi, nikapiga picha ya usiku ya sekunde kumi. Cheche zote za sekunde kumi zinakaa kwenye picha moja, na unaona ni wapi zinapenda kupita. Zote zilianzia nukta moja.

Nikafumua. Mita karibu 350 za waya, niliokuwa nimenunua kwa mafundi wa kusuka mota, na sababu ya zile safu tatu za vanishi haukuwa unafumuka, ulikuwa unakatika. Niliupoteza wote. Chini yake kwenye paipu kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, na mwanzo wake ulikuwa ni alama ya penseli. Yangu mwenyewe. Kabla ya kusuka nilikuwa nimepima paipu kila sentimita tano na kuweka alama nzuri na penseli, kama tulivyofunzwa shule. Risasi ya penseli ni grafiti, grafiti ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Cheche ya kwanza ilipita hapo, ikaunguza plastiki kidogo, ikaacha kaboni yake. Ya pili ikakuta njia pana zaidi. Mimi juu nikawa napaka vanishi, kumbe nailipia cheche kodi ya nyumba. Njia ya kaboni hufunikwi ikaisha. Unaikwangua mpaka uone plastiki safi, ama unatupa paipu.

Kama ningeikata hiyo pia kwenye video, mngebaki mkijua nini? Kwamba nina paipu nzuri.

Kuna kingine ambacho hakuna video ya nje itakuambia, kwa sababu waliotengeneza hawaishi hapa. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,700. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, karibu sehemu ya tano hivi, na hewa nyepesi inavunjika na volteji ndogo zaidi. Mtu wa London akisema sentimita kumi zinatosha kati ya hiki na kile, zinamtosha yeye. Wewe wa Nairobi ongeza nafasi. Wewe wa Limuru ongeza zaidi. Lakini sisi tunanakili vipimo vilevile, cheche zikiruka tunasema waya wa Luthuli ni feki.

Ya ardhi nitasema kwa ufupi maana inaniuma mfukoni. Nilianzia kwenye keja yangu, ghorofa ya nne, mguu wa koili nimeuunganisha kwenye tundu la ardhi la soketi. Usifanye hivyo. Nguvu ile ya mdundo wa juu iliingia kwenye nyaya za ploti nzima, na king'amuzi cha Mama wa mlango wa pili kikafa jioni hiyo hiyo katikati ya kipindi chake. Nimekilipa kwa awamu tatu na bado akiniona na begi linalotoa waya ananiuliza, "Leo tena, kijana wangu?" Koili inataka nondo yake mwenyewe kwenye udongo, mbali na nyaya za nyumba. Ndio nikahamia kwa fundi. Kwenye video, bila shaka, hakuna Mama wala king'amuzi.

Haya, upande wa pili. Najua mtasema nini.

Mtasema hakuna mtu anaangalia mtu akisogeza klipu. Ni kweli. Hiyo siwezi kuibishia, nimeona namba. Watu wanaondoka sekunde ya nne kama hakuna kitu kimelipuka. Mimi pia naondoka kwenye video za wenzangu. Na hii ndiyo kazi inanilipia keja, sina nyingine. Lakini kuna tofauti kati ya kufupisha na kufuta. Siku 11 unaweza kuzifupisha kuwa sekunde kumi: "Zilitoka hapa, hapa na hapa, sababu ilikuwa hii." Fimbo ya kutoa chaji ni sekunde mbili ukitaka. Hatukosi muda. Tunaogopa kuonekana tulikosea, kwa sababu tumejenga majina yetu juu ya kuonekana majiniasi wa mtaani ambao hawakuhitaji chuo.

Ndio tufike chuo. Kuna msomi mmoja hunijibu kila mara, "Mtu aliyeshindwa na shahada hana haki ya kufundisha umeme." Kwanza sikushindwa, karo ndiyo ilishindwa. Pili, sawa, chukua hoja yako yote, mimi ni mjinga. Sasa niambie, pale maabara yenu mliwahi kuacha jaribio liharibike mpaka mwisho? Mimi nakumbuka tukipata matokeo mabaya, tunaazima ya kundi lingine, tunayanakili kwenye ripoti, tunapewa alama. Hiyo nayo ni tepu nyeusi. Tofauti yenu na sisi watu wa video ni kwamba yenu ina muhuri.

Na wale wa kusema "usiogope, umeme wa mdundo wa juu unapita kwenye ngozi tu, hauui", jamani nyamazeni. Mishipa ya fahamu haiuhisi vizuri mdundo huo, ndiyo, lakini nyama inaungua bila wewe kusikia. Na pale chini kwenye transfoma hakuna mdundo wa juu wowote, ni ile ile ya ukutani ya mara 50 kwa sekunde, imepandishwa tu. Yangu ni transfoma ya zamani ya bango la taa za neoni, volti 9,000, miliampi 30, na hizo miliampi 30 zinatosha kuua mtu. Sitawataja wa "stima ya bure". Hao nikiwaanza tutalala hapa.

Wengine watanirushia Tesla mwenyewe. "Mbona yeye alipiga picha kali?" Asanteni kwa kunikumbusha. Ile picha maarufu, mzee ameketi kwenye kiti anasoma huku radi za mita nyingi zikinguruma juu ya kichwa chake, ilipigwa kwenye maabara yake ya Colorado Springs, Marekani, mwaka 1899. Ni picha mbili kwenye kioo kimoja. Radi zilipigwa peke yake gizani, halafu yeye akaja akaketi, zikiwa zimezimwa. Yaani hata baba wa hii mambo alifanya maudhui. Tofauti ni kwamba kwenye daftari lake la majaribio aliandika wazi kwamba cheche hazikuwa zikiruka wakati yeye anapigwa picha. Daftari lenyewe lilichapishwa Belgrade mwaka 1978, limejaa hesabu na marekebisho ya siku baada ya siku. Picha ilikuwa ya kutafuta pesa. Daftari lilikuwa la kazi. Sisi tumerithi picha tukaacha daftari.

Kwa hivyo nimefanya nini, zaidi ya kupiga domo? Ile video ya sekunde 58 nimeifuta. Ilikuwa imetazamwa mara elfu mia moja na kitu, na ndiyo iliyonipa jina, kwa hivyo msidhani haikuniuma. Mahali pake nimeweka nyingine ya dakika 43. Sufuria iko ndani, tepu inayonuka iko ndani, safu zote tatu za vanishi, mzee akinicheka, penseli. Fimbo inaonekana kila ninapozima, na kila mara nataja kwa sauti kwamba kapasita za maikrowevu hazina nafasi kwa mtu anayejifunza. Mpaka sa hii ninapoandika, imetazamwa mara 212.

Yule kijana ni mmoja wao. Nilimwambia asiiwashe tena na ile transfoma, aipeleke koili kwa mwalimu wake wa fizikia, na tepu aitoe koili ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote. Aliitoa. Akaniandikia kwamba chini yake kuna mstari mweusi mwembamba, unaanzia mahali pamoja. Nikamuuliza kama alipima paipu na penseli. Shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake na simu huko hazikubaliwi, kwa hivyo jibu nitalipata likizo.